Historia ya Violesura Vinavyohamishika na Nafasi ya Lugha za Kiafrika

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu aghalabu hafundishwi kuitazama tarakilishi kama jambo la lugha. Huiona kama mashine ya kuandikia: wengine waliitengeneza, yeye aitumia tu. Hata hivyo, kila afunguapo programu, mbele yake hutokea maneno. Kuna majina ya menyu, kuna maandishi yaliyo juu ya vitufe, kuna maswali na maonyo. Maneno hayo yamewekwa mahali maalumu, yamepewa upana maalumu, yameandikwa kwa herufi maalumu, na yameunganishwa kuwa sentensi kwa kanuni maalumu. Ni nani aliyeamua upana huo uwe kiasi gani? Ni nani aliyeamua herufi zipi ziandikike na zipi zisiandikike? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa njia ya historia.

Jibu letu, ambalo tutajaribu kulithibitisha, ni kwamba mengi ya maamuzi hayo hayakufanywa na waandishi wa programu wenyewe, wala hayakufanywa na wafasiri. Yalifanywa na watu wachache waliobuni vile tutakavyoviita humu masanduku ya zana, hasa yale yaliyokusudiwa kufanya kazi juu ya mifumo mbalimbali ya madirisha. Watu hao hawakuwa wakifikiria Kiswahili, Kikuyu wala Kikamba. Walikuwa wakitatua tatizo la kazi na gharama: jinsi ya kuandika programu mara moja na kuitumia katika mashine zisizoelewana. Lakini, kama tutakavyoona, tatizo la kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine na tatizo la kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine ni tatizo moja kwa kiasi kikubwa. Aliyelitatua la kwanza vyema alilitatua la pili nusu bila kujua. Na aliyelikwepa la kwanza aliwaachia wafasiri mzigo.

Yafaa kwanza tufafanue istilahi chache. Kiolesura ni ule uso wa programu ambao mtumiaji huuona na kuugusa. Mfumo wa madirisha ni programu ya chini inayoigawa skrini katika madirisha, inayopokea mapigo ya kibodi na miondoko ya kipanya, na kuyapeleka kwa programu inayohusika. Sanduku la zana ni mkusanyo wa sehemu zilizokwisha kutengenezwa, kama vile vitufe, menyu na visanduku vya kuandikia, ili mwandishi wa programu asianze kila mara kwa kuchora mistari minne na kuiita kitufe. Sanduku la zana linalohamishika ni lile ambalo programu iliyoandikwa kwalo yaweza kufanya kazi juu ya mifumo miwili au zaidi ya madirisha bila ya kuandikwa upya.

2. Mifumo isiyoelewana

Katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, Palo Alto, California, ilitengenezwa mwaka 1973 tarakilishi iliyoitwa Alto, iliyotumia picha na kipanya miaka mingi kabla ya vitu hivyo kufika madukani. Mwaka 1981 kampuni hiyo ilitoa mashine ya kuuzwa iliyoitwa Star. Kutoka chemchemi hiyo mawazo yalisambaa, lakini kila aliyeyachota aliyatia katika chombo chake mwenyewe.

Januari 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya kilobaiti 64, na ndani yake mlikuwa na taratibu za kuchora madirisha, menyu na vitufe. Mkusanyo wa taratibu hizo uliitwa kwa jina hilohilo la sanduku la zana. Novemba 1985 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la kwanza la Windows. Kati ya hizo mbili, mwaka 1984, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Robert Scheifler na Jim Gettys walianza kutengeneza mfumo ulioitwa X. Chuo hicho kilikuwa na mpango wa elimu ulioitwa Athena, ulioanza mwaka 1983, ambao ulitumia mashine za watengenezaji tofauti. Kwa hiyo kulihitajika mfumo wa madirisha usiofungwa katika mashine ya mtengenezaji mmoja. Toleo la kumi na moja la X, lililotolewa Septemba 1987, ndilo lililoenea.

Waandishi wa X walichukua msimamo ambao athari zake zilidumu. Waliona kuwa kazi ya mfumo ni kutoa uwezo wa kuchora na kupokea matukio, wala si kuamua kitufe kiwe na sura gani au menyu ifunguke vipi. Uamuzi huo waliuacha kwa wengine. Wengine hao hawakukawia kugawanyika. Mwaka 1988 kampuni za Sun na AT&T zilitangaza kanuni za sura na mwenendo zilizoitwa OPEN LOOK; mwaka 1989 wapinzani wao, waliojumuika katika shirika la OSF, walitoa Motif. Ugomvi huo uliendelea hadi mwaka 1993, Sun ilipokubali kuifuata Motif. Hivyo hata ndani ya X yenyewe, programu mbili zilizokaa bega kwa bega katika skrini moja ziliweza kuwa na tabia mbili.

Tofauti baina ya mifumo hazikuwa za rangi na mapambo tu. Katika Macintosh menyu ilikuwa moja, nayo ilikaa juu kabisa ya skrini. Katika Windows kila dirisha lilibeba menyu yake. Kipanya cha Macintosh kilikuwa na kibonyezo kimoja, ilhali mashine nyingi zilizotumia X zilikuwa na vitatu. Katika Windows kitufe cha kukubali hutangulia kile cha kughairi. Katika Macintosh kile cha kukubali huwekwa mwisho, upande wa kulia. Herufi za mfumo mmoja zilikuwa pana kuliko za mwingine, hata neno lilelile likachukua nafasi tofauti. Na katika X programu iliweza kuwa ndani ya mashine moja ilhali dirisha lake limo katika mashine nyingine, upande wa pili wa mtandao, jambo ambalo Windows na Macintosh za wakati huo hazikulifikiria.

Kampuni iliyotaka kuuza programu moja kwa watumiaji wote ilijikuta ikiiandika mara tatu. Hapo ndipo haja ya sanduku la zana linalohamishika ilipozaliwa.

3. Njia ya kwanza: kuutumia mfumo uliopo

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ni ya kuweka tabaka jembamba juu ya mifumo. Mwandishi wa programu huomba kitufe. Tabaka hilo hupeleka ombi kwa mfumo wowote uliopo chini. Mfumo huo hutoa kitufe chake wenyewe. Mfano wa mapema ni XVT, iliyobuniwa na Marc Rochkind huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Faida ya njia hii ni dhahiri. Mtumiaji wa Macintosh hupata kitufe cha Macintosh, na mtumiaji wa Windows hupata kitufe cha Windows. Hakuna anayejihisi mgeni.

Hasara yake nayo ni dhahiri. Sanduku la namna hii haliwezi kuahidi ila yale yaliyomo katika mifumo yote kwa pamoja. Wasomaji wa jarida hili wataielewa hali hii kwa mfano ulio karibu nao. Tuseme kamati ya lugha ingeamua kwamba Kiswahili sanifu kikubali tu yale maneno yanayopatikana katika Kiunguja, Kimvita na Kiamu vyote vitatu. Kila mzungumzaji angeyatambua maneno yote ya lugha hiyo, lakini lugha yenyewe ingekuwa maskini kuliko kila moja ya lahaja hizo.

Sanduku lililoitembea njia hii kwa muda mrefu zaidi ni lile lililoanzishwa mwaka 1992 na Julian Smart katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alihitaji kuandika programu ya kuchora michoro iliyopaswa kutumika katika Windows na pia katika X, na masanduku yaliyokuwa yakiuzwa yalikuwa ghali mno. Akatengeneza lake, akaliita wxWindows: herufi ya kwanza ya jina ikisimama kwa Windows, na ya pili kwa X. Mwaka 2004, baada ya Microsoft kutoridhika na jina hilo, lilibadilishwa kuwa wxWidgets. Smart na wenzake walilipunguza lile tatizo la umaskini kwa kujaza mapengo: pale ambapo mfumo mmoja haukuwa na kiungo kilichohitajika, sanduku lilijichorea chenyewe.

Jaribio lililosikika zaidi lilikuwa la lugha ya Java, iliyotolewa na Sun Januari 1996. Sanduku lake la kwanza, AWT, lilimpa kila kitufe cha Java mwenzi katika mfumo wa chini. Ahadi ya Java ilikuwa kwamba programu ingeandikwa mara moja na kutumika popote. Lakini wenzi hao hawakufanana: kila mmoja alikuwa na ukubwa wake, mpangilio wake wa matukio, na kasoro zake. Programu iliyofanya kazi vyema katika Windows iliweza kuyumba katika X kwa sababu ambazo mwandishi wake hakuziona popote katika alichokiandika. Sababu hizo zilikuwa katika mfumo wa chini, naye hakuwa na njia ya kuzigusa.

4. Njia ya pili: kuchora kila kitu upya

Njia ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Sanduku la zana huuomba mfumo vitu vichache tu: dirisha tupu, uwezo wa kuchora ndani yake, na habari za kibodi na kipanya. Vingine vyote hujifanyia lenyewe.

Majira ya joto ya mwaka 1990, huko Trondheim, Norwei, vijana wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wakiandika programu ya kuhifadhi picha za kitabibu zinazopatikana kwa mawimbi ya sauti. Programu hiyo ilitakiwa kutumika katika Unix, Macintosh na Windows. Wakiwa wamekaa kwenye benchi nje, wazo likawajia la kujenga sanduku lao wenyewe. Waliianza kazi hiyo mwaka 1991, wakaanzisha kampuni mwaka 1994, na Mei 1995 wakaitoa Qt kwa umma. Qt haikukiomba mfumo kitufe. Ilikichora yenyewe, huku ikiiga sura ya Windows au ya Motif kulingana na mahali ilipo. John Ousterhout wa Berkeley, mtunzi wa Tk, naye alikuwa na sanduku lililochora lenyewe kwa sura ya Motif, ingawa awali lilikuwa la X peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo lilipohamishiwa Windows na Macintosh. Sun yenyewe ilikiri udhaifu wa AWT kwa kutoa sanduku jipya, Swing, lililojumuishwa katika Java mwaka 1998, ambalo lilichora karibu kila kitu kwa Java.

Njia hii ndiyo inayofanana zaidi na usanifishaji kama tuujuavyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Matokeo yalikuwa lugha moja inayosomeka kila mahali, lakini ambayo msemaji wa Mvita au Amu aliisikia kama sauti ya mji mwingine. Watumiaji wa Swing nao walilalamika hivyo hivyo. Vitufe vilifanya kazi, lakini havikuwa vya nyumbani. Kivuli chake kilikuwa kingine kidogo, menyu ilifunguka kwa namna nyingine kidogo.

Mwaka 2001 programu ya Eclipse ilitolewa kwa umma ikiwa na sanduku la tatu la Java, lililoitwa SWT, lililotoka IBM. Hilo lilirudi kwenye njia ya kwanza: kutumia kilichopo, na kuchora tu kile kinachokosekana. Kwa hiyo katika muda wa miaka sita hivi lugha moja ya tarakilishi ilipita njia zote mbili na kurudi. Hapana shaka kwamba mabadiliko hayo hayakutokana na upungufu wa akili. Yalitokana na ukweli kwamba hakuna njia isiyo na gharama. Kinachobadilika ni nani anayeilipa: mwandishi wa programu, mtunzi wa sanduku, au mtumiaji.

5. Upana wa neno

Sasa tufikie jambo linalotuhusu zaidi. Katika mfumo mmoja usiobadilika, njia rahisi ya kuweka kitufe ni kutaja namba: kianzie hapa, kiwe na upana huu. Ndivyo visanduku vya mazungumzo vya Windows vilivyokuwa vikiandikwa kwa miaka mingi. Vipimo vilitegemea ukubwa wa herufi za mfumo, lakini namba zenyewe mwandishi alizitaja mwenyewe, naye alizipima kwa maneno ya Kiingereza.

Mtunzi wa sanduku linalohamishika hakuweza kuendelea hivyo. Neno lilelile lilikuwa na upana mmoja katika Motif na mwingine katika Macintosh. Namba iliyofaa huku ilikata herufi kule. Hakuwa na budi kuiacha namba na kuweka kanuni badala yake: kitufe hiki kiwe na upana wa kutosha neno lililomo, kile kikae kulia kwake, nafasi inayobaki iende kwa kisanduku cha maandishi. Wazo hili lilikuwa na asili katika uchapaji. Mark Linton na wenzake huko Stanford, walipotunga sanduku lililoitwa InterViews katika miaka ya 1980, walichukua dhana ya visanduku vilivyounganishwa kwa gundi inayovutika kutoka TeX, programu ya kupanga chapa iliyotungwa na Donald Knuth. Tk ilikuwa na utaratibu wake wa kufungasha viungo dirishani; Java ilikuwa na wapangaji wake tangu toleo la kwanza; Qt na wxWidgets nazo zikafuata.

Tazama yaliyofuata. Kanuni inayosema kitufe kitoshe neno lililomo haiulizi neno hilo ni la lugha gani. Neno la Kiingereza lenye herufi nne linapofasiriwa kuwa *Hifadhi*, kitufe hupanuka chenyewe. Linapokuwa *Usihifadhi*, hupanuka zaidi. Lugha yetu, ambayo hukusanya nafsi, wakati, kikanushi na kitenzi katika neno moja, haiwezi kuyavunja maneno yake ili yaingie katika nafasi iliyopimwa kwa lugha nyingine. Sanduku lililotungwa ili kuvumilia tofauti za herufi baina ya mashine mbili likawa limeweza kuvumilia tofauti ya maumbo baina ya lugha mbili, pasi na mtunzi wake kulikusudia hilo.

Pale namba zilipobaki, mzigo ulimwangukia mfasiri. Alipaswa ama kukipanua kila kisanduku kwa mkono, ama kutafuta neno fupi zaidi. Hili la pili ni jambo zito kwa wanaistilahi. Istilahi huteuliwa kwa usahihi wake, kwa kukubalika kwake na kwa kuafikiana kwake na mfumo wa lugha. Iwapo sababu ya kuteuliwa kwa neno ni kwamba lilitosha katika nafasi ya nukta sitini, basi mtu aliyeichora nafasi hiyo amekuwa mjumbe wa kamati ya istilahi bila ya kualikwa.

6. Herufi na sentensi

Jambo la pili ni herufi. Kiwango cha herufi kilichotumika sana katika X, kijulikanacho kama ISO 8859-1, kilitosheleza lugha za Ulaya Magharibi. Kiswahili kwa bahati njema kilitoshea. Kikuyu na Kikamba havikutoshea, kwani herufi ĩ na ũ hazikuwamo. Mwandishi wa Kikuyu aliyetaka kuandika jina la lugha yake sawasawa katika programu ya kawaida hakuweza. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilizijumuisha herufi hizo. Lakini kuwamo katika orodha si kuonekana katika skrini. Windows NT ya mwaka 1993 iliitumia Unicode ndani yake, ilhali Windows 95 ilibaki kwa sehemu kubwa na seti ndogo za herufi. Sanduku lililofuata njia ya kwanza, likiuachia mfumo kazi ya kuandika, lilirithi tofauti hiyo. Masanduku yaliyojichorea yaliweza kuamua yenyewe: Tk iliingia katika Unicode kwa toleo la 8.1 na Qt kwa toleo la 2.0, yote mawili mwaka 1999, na GTK kwa toleo la 2.0 mwaka 2002. Toleo hilo la GTK lilitumia maktaba ya Pango, iliyoweza kupanga pia maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Kwa mtafiti anayetaka kuchapa miswada ya Lamu na Pate katika hati yake asilia ya Kiarabu, hatua hiyo haikuwa ndogo.

Jambo la tatu ni sentensi, na hapa masanduku hayakufaulu sana. Waandishi wa programu walizoea kuunda ujumbe kwa kuunga vipande: jina la kitu, kisha kitenzi kinachosema kuwa kimefutwa. Kwa Kiingereza kitenzi hicho hakibadiliki. Kwa Kiswahili twasema *picha imefutwa*, *ujumbe umefutwa*, *kitabu kimefutwa*, *jedwali limefutwa*. Neno *faili* lenyewe wengine huliweka katika ngeli moja na wengine katika nyingine, wakasema *faili imefutwa* au *faili limefutwa*. Kipande kimoja cha kitenzi hakiwezi kuyatumikia majina yote.

Dawa zilizotolewa ziliponya nusu ya maradhi. Qt na Java ziliruhusu nafasi za maneno katika ujumbe zipewe namba, ili mfasiri aweze kuzipanga upya; hilo lilisaidia, kwa kuwa kivumishi chetu hufuata nomino. Programu ya gettext, iliyotolewa na mradi wa GNU katikati ya miaka ya 1990, baadaye ilimruhusu mfasiri atoe umbo la umoja na la wingi. Lakini kuuliza idadi si kuuliza ngeli. Mfasiri wa Kiswahili alibaki na njia mbili: kumwomba mwandishi wa programu atoe sentensi kamili kwa kila nomino, au kukwepa upatanisho kwa kutumia kitenzijina, kama vile *Kufuta kumekamilika*. Njia hii ya pili ni sahihi kisarufi, lakini ikitumika kila mahali huipa programu sauti ya tangazo la serikali.

7. Dar es Salaam, 2004

Haya yote yalikutana mahali pamoja wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilipofasiri programu za ofisi za OpenOffice.org. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Ili kuelewa kwa nini iliwezekana, yatupasa kurudi nyuma hadi Lüneburg, Ujerumani, ambako kampuni ya StarDivision ilitengeneza StarOffice juu ya sanduku lake yenyewe linalohamishika. Sun iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaitoa programu kwa umma pamoja na sanduku lake, ambalo sasa laitwa VCL, kwa leseni iliyomruhusu mtu yeyote kuibadilisha.

Mambo mawili hayo, leseni na sanduku, yalihitajika kwa pamoja. Bila ya leseni, wafasiri wa Dar es Salaam wangekuwa waombaji. Bila ya sanduku linalohamishika, wangefasiri mara mbili: kwa Windows, iliyokuwa katika ofisi nyingi, na kwa Linux, ambayo mradi huo ulitaka kuieneza. Kwa kuwa maneno ya kiolesura yalikuwa juu ya VCL na si ndani ya mfumo wa madirisha, tafsiri moja ilitosha.

Lakini VCL ya wakati huo ilikuwa imehama nusu ya safari. Ilijichorea vitufe vyake, ila visanduku vya mazungumzo viliendelea kupangwa kwa namba. Neno likizidi nafasi yake, nafasi haikupanuka. Kazi ya kuondoa namba na kuweka kanuni ilianza baadaye sana, katika LibreOffice, mrithi wa OpenOffice.org, ambayo kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2013 ilivigeuza visanduku hivyo kidogo kidogo. Hivyo basi kazi ya Dar es Salaam ni ushahidi wa pande zote mbili za hoja yetu: yaonyesha kile sanduku linalohamishika liliwapa wafasiri, na yaonyesha kile lililowanyima pale lilipoacha kazi bila ya kuimaliza.

8. Hitimisho

Mabishano ya miaka ya 1990 hayajafa. Yamehamia mahali pengine. Katika simu za mkononi, sanduku la React Native, lililotolewa na Facebook mwaka 2015, laomba viungo vya mfumo. Lile la Flutter, la Google, ambalo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2018, lajichorea lenyewe. Katika Linux, mfumo wa Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008, umekuwa ukichukua mahali pa X, na programu nyingi zilizoandikwa kwa GTK na Qt zimeweza kuhama kwa mabadiliko machache kwa sababu watunzi wa masanduku hayo ndio waliobeba mzigo wa safari. Huo ndio uthibitisho mkubwa wa manufaa yake: anayekaa juu ya sanduku jema hahitaji kujua kuwa nyumba imebadilishwa msingi.

Kwetu sisi wa idara za lugha, historia hii ina funzo moja. Tumezoea kuitwa mwishoni, programu ikiwa imekwisha kujengwa, tukapewa orodha ya maneno na kuambiwa tuyafasiri. Lakini wakati huo maswali makubwa yamekwisha kujibiwa. Upana wa neno umeamuliwa, herufi zimeteuliwa, na sentensi zimekatwa vipande kwa kufuata mshono wa lugha nyingine. Mfasiri hodari hawezi kurudisha upatanisho wa ngeli katika sentensi ambayo haikuachiwa nafasi ya upatanisho.

Masanduku mengi yaliyotajwa humu leo yako wazi, na watunzi wake hupokea mapendekezo na marekebisho kutoka kwa yeyote. Kanuni ya wingi iliingizwa kwa sababu wasemaji wa lugha zenye wingi wa aina nyingi walieleza, kwa mifano, kuwa umbo moja halikutosha. Kanuni ya ngeli yahitaji watu wa kuieleza vivyo hivyo. Maelezo hayo hayawezi kutoka Trondheim wala Edinburgh. Yako katika madaftari ya sarufi tuliyo nayo katika rafu zetu, nasi ndio tunaopaswa kuyapeleka.